Nafsi Tatu za Marehemu: Wasifu, Mbolezi na Utani katika Misiba ya Vijijini Tanzania

Ikisiri

Makala hii inachunguza wasifu wa marehemu, yaani maelezo mafupi ya maisha yanayosomwa mbele ya waombolezaji kabla ya maziko, kama utungo unaostahili uhakiki wa kifasihi. Uchunguzi unahusu misiba ya vijijini Tanzania Bara, hususan katika jumuiya za Kikristo ambako usomaji wa wasifu umekuwa sehemu ya kawaida ya ratiba. Kwa kuegemea mkabala unaoitazama fasihi simulizi kuwa tukio, makala inaulinganisha wasifu na vipera viwili vinavyotendwa katika msiba huohuo: mbolezi na malumbano ya watani. Hoja kuu ni kwamba tungo hizi tatu zinatofautiana kwanza kwa nafsi. Wasifu humsema marehemu katika nafsi ya tatu, mbolezi humsemesha katika nafsi ya pili, na mtani husema akiwa yeye katika nafsi ya kwanza. Makala inaonesha kuwa sarufi ya wasifu huyaacha nje maisha ya kazi ya wakulima, hasa wanawake, na kwamba kadiri ratiba ya msiba inavyombana mtani ndivyo nafsi ya tatu inavyobaki kuwa kumbukumbu pekee ya maisha ya mwanakijiji.

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia maziko, wakati wanaume wameketi kuzunguka moto nje na wanawake wamejaa ndani pamoja na wafiwa, huitwa kijana mmoja wa ukoo aliyesoma, mara nyingi mwalimu au mwanafunzi mwenye mwandiko unaosomeka. Hupewa karatasi ya daftari na kuambiwa aandike historia ya marehemu. Wazee humtajia miaka, shangazi humsahihisha majina, na mtu mmoja huenda kulifungua sanduku ili kutafuta cheti cha ubatizo. Kabla ya mapambazuko utungo huwa umekamilika. Asubuhi husomwa kwa dakika chache mbele ya jeneza, na baada ya hapo karatasi hurudishwa sandukuni.

Kwa wanavijiji walio wengi, huo ndio utungo wa kwanza na wa mwisho ulioandikwa kuwahusu. Hawakuandika kumbukumbu za maisha yao wala hawakuandikwa magazetini. Hata hivyo, uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unapozungumzia tanzia umekuwa ukielekea zaidi kwenye tungo za washairi wenye majina, kama shairi ambalo Shaaban Robert alimtungia mkewe Amina, na unapozungumzia wasifu umekuwa ukielekea kwenye vitabu. Karatasi ile ya daftari imeachwa kuwa jambo la taratibu za msiba tu, sawa na orodha ya rambirambi.

Makala hii inachukua msimamo tofauti. Wasifu wa marehemu una fani inayotambulika, una hadhira inayojua nini kitatajwa na nini hakitatajwa, na una matokeo katika maisha ya walio hai. Lakini hauwezi kuhakikiwa peke yake, kwa sababu hausikiki peke yake. Husikika kati ya mbolezi za wanawake na mizaha ya watani, na maana yake hutokana kwa sehemu kubwa na yale ambayo tungo hizo mbili husema na wenyewe hausemi.

Wasifu ni mali ya familia, na aliyefariki karibuni hana nafasi ya kuridhia kuchambuliwa. Kwa sababu hiyo makala hii haitumii wasifu wa mtu yeyote halisi. Mifano iliyomo imeundwa kutokana na kauli za mazoea ambazo msomaji aliyewahi kuhudhuria msiba wa kijijini atazitambua.

2.0 Istilahi na Mkabala

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika Mulika namba 21, anaitazama fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Katika uainishaji wake mbolezi zimo kwenye ushairi na malumbano ya watani yamo kwenye mazungumzo. Wasifu wa marehemu huandikwa, lakini huandikwa ili usomwe kwa sauti mara moja tu, mahali pamoja, kwa hadhira moja. Kwa hiyo mambo yale sita yanauhusu sawasawa na yanavyozihusu mbolezi na utani, na mkabala huu unaruhusu tungo zote tatu zitazamwe kuwa sehemu za tukio moja.

Istilahi zenyewe zina mengi ya kusema. Neno wasifu na neno sifa yana asili moja katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kueleza namna kitu kilivyo. Katika Kiswahili matawi hayo mawili yameachana: wasifu umekuwa maelezo ya maisha, na sifa, pamoja na kueleza tabia ya kitu, imeelemea kwenye kusifu. Wasifu wa msibani unaishi kwenye njia panda ya maana hizo mbili. Hutangazwa kuwa maelezo, lakini hadhira huusikiliza kama sifa, na fanani hujua hivyo.

Neno marehemu nalo lina maana ya aliyerehemewa. Ni dua iliyogeuzwa kuwa cheo: kila anayelitamka humtakia rehema mtu ambaye hukumu yake hakuna aijuaye. Linatofautiana na hayati, neno lenye asili ya maana ya uhai, ambalo katika matumizi ya Tanzania aghalabu huwekwa mbele ya majina ya viongozi na watu mashuhuri, kama Hayati Mwalimu Nyerere. Mkulima wa kijijini kwa kawaida huitwa marehemu. Kiongozi hupewa neno la uhai na mkulima neno la kuombewa, na tofauti hiyo ipo kabla wasifu wenyewe haujaanza kusomwa.

3.0 Chimbuko la Fani ya Wasifu

Wasifu wa msibani hufuata mpangilio usiobadilika sana: kuzaliwa, ubatizo, elimu, ajira, ndoa, watoto, utumishi katika kanisa au kijiji, ugonjwa, kifo, orodha ya walioachwa, na tamko la imani. Mpangilio huu haufanani na masimulizi ya jadi. Hauanzi na ukoo kama majigambo, wala haujengwi juu ya kisa kimoja kikubwa kama ngano au tendi.

Vyanzo vyake vinavyoonekana ni vitatu. Cha kwanza ni ofisi. Mfuatano wa elimu, ajira, uhamisho na kustaafu ni uleule wa wasifukazi, na kauli kama “alihamishiwa kituo kingine” zimetoka moja kwa moja katika barua za utumishi. Cha pili ni kanisa, ambalo lilileta rejista ya ubatizo na ndoa na hivyo kumpa mwanakijiji tarehe zilizoandikwa. Ndiyo maana katika wasifu wengi tarehe ya ubatizo ni ya uhakika kuliko ya kuzaliwa, ambayo hufuatwa na neno “hivi” au hukadiriwa kwa njaa fulani au vita fulani. Cha tatu ni redio. Kwa miaka mingi matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yaliwazoesha wasikilizaji kauli ya “habari ziwafikie”, ikifuatwa na majina ya ndugu na mahali walipo. Orodha ya walioachwa katika wasifu, yenye kutaja nani yuko mji gani, inafanana sana na tangazo hilo.

Vyanzo hivyo vitatu vina tabia moja: vyote hutambua kile kilichokwisha kuandikwa mahali fulani. Kijana anayeandika usiku ule hategemei kumbukumbu za wazee peke yake. Hutegemea pia sanduku: cheti cha ubatizo, barua ya ajira, kadi ya chama, kitabu cha kliniki. Maisha yaliyoacha karatasi nyingi huwa na wasifu mrefu, na maisha yasiyoacha karatasi huwa na wasifu mfupi, hata kama aliyeyaishi alifika miaka 90.

4.0 Sarufi ya Maisha

Athari ya jambo hilo inaonekana vizuri katika vitenzi. Mifano miwili ifuatayo inawakilisha kauli za mazoea katika wasifu wa mwanamume aliyewahi kuajiriwa na wa mwanamke aliyeishi kijijini maisha yake yote.

(1) Marehemu alizaliwa mwaka 1938 na kubatizwa mwaka huohuo. Alipata elimu ya msingi, na mwaka 1959 aliajiriwa Serikalini akiwa karani. Alihamishiwa vituo mbalimbali na kupandishwa cheo. Alifunga ndoa mwaka 1964 na kujaliwa watoto 7. Alistaafu mwaka 1993 na kurejea kijijini, ambako alijishughulisha na kilimo hadi mauti yalipomkuta. Ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 15.

(2) Marehemu alizaliwa mwaka 1942 hivi. Alibatizwa na kupata kipaimara. Aliolewa mwaka 1960 na kujaliwa watoto 9, kati yao 6 wako hai. Alikuwa mama wa nyumbani na mkulima. Alianza kuugua mwaka jana. Ameacha watoto 6, wajukuu 23 na vitukuu 4.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni wingi wa kauli ya kutendwa. Katika mfano wa (2) kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa na kujaliwa vyote ni vitenzi ambavyo mtendaji wake ni mwingine: wazazi, padri, mume, Mungu. Mtu angeweza kutarajia kwamba wasifu wa mwanamume utakuwa kinyume chake, wenye kauli za kutenda. Sivyo ilivyo. Karani wa mfano wa (1) naye aliajiriwa, alihamishiwa na kupandishwa. Tofauti kati ya mifano hii miwili haiko kati ya anayetenda na anayetendwa. Iko katika nani anayemtenda. Mtendaji wa mwanamume ni Serikali, na mtendaji wa mwanamke ni mume. Mwanamume hupata angalau “alifunga ndoa”, lakini kwa sehemu kubwa maisha yote mawili yanasimuliwa kwa macho ya mamlaka iliyoyaandika.

Jambo la pili ni kitenzi kulima. Katika jamii ya wakulima mtu angetegemea kitenzi hiki kitawale, lakini hakimo katika mfano wowote. Katika (1) kimegeuka “alijishughulisha na kilimo”, kitenzi cha kujirejea kisicho na shamba wala zao. Katika (2) kimegeuka nomino, “mkulima”, tena nyuma ya “mama wa nyumbani”. Mwanamke aliyepanda na kupalilia kwa zaidi ya miaka 50, akajua ni kona ipi ya shamba inayotuamisha maji na ni mbegu ipi inayostahimili ukame, amepewa nomino moja. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Lugha ya ofisi iliyoazimwa kwa ajili ya wasifu haina mahali pa kuiweka kazi isiyo na mwajiri.

Jambo la tatu ni hesabu. Kauli “watoto 9, kati yao 6 wako hai” ni ya kawaida kiasi kwamba hadhira haishtuki. Lakini watoto watatu waliozaliwa, wakapewa majina, wakazikwa, wamo katika tofauti ya namba mbili tu. Kwa mama huyo huenda hayo ndiyo matukio matatu makubwa kuliko yote. Wasifu wenyewe hauyaficha. Unayahesabu, na kuhesabu kunatosha kuyapitisha. Kinyume chake kinaonekana katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, riwaya ambayo Aniceti Kitereza aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo jina la mtoto Ntulanalwo linabeba maana ya kuishi na kifo daima, na hivyo msiba wa wazazi hutamkwa kila mara mtoto aliye hai anapoitwa.

Jambo la nne ni mabadiliko ya njeo. Wasifu wote huenda kwa njeo ya -li- hadi mwisho, kisha ghafla huja “ameacha”. Kiambishi -me- humrudisha marehemu katika wakati wa wasikilizaji: tendo lake la kuacha limekamilika lakini matokeo yake yamesimama palepale, yamevaa nguo za msiba. Tena kitenzi hiki ni cha kutenda. Mwanamke wa mfano wa (2), ambaye tangu kuzaliwa ametendwa, anapata hapa kitendo chake cha wazi kabisa, nacho ni kuondoka.

Kauli ya kutenda hata hivyo haimaanishi ukweli zaidi. Mtu aliyehamishwa makwao wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 huweza kuandikwa kwamba “alihamia” kijiji fulani, kana kwamba aliamka siku moja akachagua. Mamlaka ilipompandisha cheo hutajwa kwa kutendwa, maana ni heshima. Ilipomhamisha kwa nguvu hufichwa nyuma ya kutenda, maana kuitaja ni kuzua maneno mbele ya viongozi waliohudhuria.

5.0 Kimya na Huruma Yake

Hadhira ya wasifu ina ujuzi mkubwa wa kusikiliza yasiyosemwa. “Aliugua kwa muda mfupi” na “aliugua kwa muda mrefu” ni kauli ambazo kila mmoja hujua kuzifasiri. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, ulipitia miaka ambayo vijana walizikwa mfululizo. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana. Majina ya namna hiyo yalizunguka vilabuni na visimani; mahali pake hapakuwa kwenye karatasi inayosomwa mbele ya jeneza.

Ni rahisi kwa mhakiki kuuita wasifu wa aina hiyo uongo. Lakini kimya hicho kilikuwa na kazi. Mjane alihitaji kuendelea kuishi katika nyumba ileile, na yatima walihitaji kurudi shuleni wiki iliyofuata bila kunyooshewa kidole. Kumsitiri marehemu kulikuwa namna ya kuwasitiri walio hai. Dai la kwamba wasifu uweke kila kitu wazi lingekuwa dai la mtu ambaye hatalala katika kijiji hicho usiku wa pili.

Riwaya imeweza kusema yale ambayo wasifu hauwezi, kwa sababu marehemu wake hana mjane wa kweli. Katika Kichwamaji (1974) Kezilahabi anamfikisha Kazimoto kwenye kujiua, kifo ambacho msibani kingefunikwa kwa kauli ya “kifo cha ghafla”. Hapo fasihi andishi inajaza pengo. Lakini inalijaza kwa mtu wa kubuni, na msomaji wake yuko mbali na kaburi. Swali linabaki: ndani ya kijiji chenyewe, mbele ya maiti halisi, nani amekuwa akiyasema maisha ambayo wasifu umeyaacha?

6.0 Nafsi ya Pili na Nafsi ya Kwanza

Jibu la kwanza ni waombolezaji wanawake. Mbolezi humwelekea marehemu moja kwa moja: umeondoka bila kuniaga, umeniachia nani, amka uone nani amekuja. Nafsi ya pili inaleta mambo ambayo nafsi ya tatu haiwezi kuyabeba. Anayemsemesha marehemu hana haja ya kumtambulisha kwa hadhira. Anaweza kumkumbusha siku moja mahususi, safari ya kwenda zahanati mvua ikinyesha, chumvi waliyogawana, ugomvi ambao haukumalizwa. Humo ndimo watoto watatu wa mfano wa (2) hutajwa kwa majina, kwa kuwa anayelia humtuma marehemu awapelekee salamu. Mbolezi, hata hivyo, hazina mpangilio wa wakati. Mtu asiyemfahamu marehemu hatajua kutoka kwake aliishi vipi, bali atajua alikuwa nani kwa huyu anayelia.

Jibu la pili ni mtani. Uhusiano wa utani kati ya makabila na koo, ambao kwa sehemu umechimbuka katika vita na safari za biashara za karne ya 19, humpa mtani haki na wajibu msibani. Huweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, huweza kudai kitu cha marehemu, na huweza kumwigiza. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza utani kuwa mchanganyiko wa urafiki na uadui ambamo mmoja huruhusiwa kumkejeli mwingine, naye hatakiwi kukasirika. Maelezo hayo yanafafanua ruhusa ya mtani, lakini hayafafanui sanaa yake.

Sanaa hiyo imo katika kuigiza. Mtani huvaa kofia ya marehemu, huegemea mkongojo wake, huinamisha bega upande uleule aliouinamisha mwenyewe, na hutembea kati ya watu akikohoa kikohozi ambacho kila mtu anakijua. Kisha hufungua kinywa na kusema “mimi”. Mimi nakula peke yangu. Mimi nikidaiwa najifanya sisikii. Mimi kuku wangu wana majina na wajukuu zangu nimewasahau. Waombolezaji hucheka, na katika kucheka wengine huangua kilio upya, kwa sababu kwa muda mfupi mtu yule amerudi.

Hii ni nafsi ya kwanza, na njeo yake si ya -li-. Ni njeo ya mazoea na ya wakati uliopo. Wasifu hutaja yaliyotokea mara moja: alizaliwa, aliajiriwa, alistaafu. Mtani hutenda yale yaliyotokea kila siku. Mtu wa kijijini ambaye hakuajiriwa wala kustaafu ana matukio machache ya mara moja, lakini ana mazoea mengi, na mazoea ndiyo yaliyomfanya atambulike kwa mbali akitokea kwenye kona ya njia. Kwa maana hiyo mtani ana uwezo wa kumweleza mkulima ambao karatasi haina. Ikikumbukwa asili ya istilahi, kauli hii inaweza kutolewa: utungo unaoitwa wasifu umebaki na sifa, na mtani, anayedhaniwa kuwa analeta mzaha tu, ndiye aliyebaki na wasifu.

Kauli hiyo ina mipaka. Mtani hutia chumvi, na hachagui kwa haki: kilema kinachoigizika humvutia kuliko wema usio na umbo. Aliyenyamaza maisha yake yote humpa mtani kazi ndogo. Tena yapo mambo ambayo hata mtani huyapita mbali, na ugonjwa wa vijana wa Kagera ulikuwa miongoni mwa mambo yasiyochekeka. Nafsi ya kwanza haiondoi haja ya zile mbili nyingine. Umuhimu wake ni kwamba bila hiyo zile mbili zinabaki na marehemu asiye na mwili.

7.0 Kinachotokea Ratiba Inapombana Mtani

Katika misiba ya sasa mambo mawili yamebadilika. La kwanza ni ratiba. Msiba una mshereheshaji, una vipaza sauti, una muda wa ibada na muda wa kurudi mjini kwa waliokuja na mabasi. Viongozi wa dini wengi huuona utani kuwa utovu wa heshima mbele ya maiti, na watoto wa marehemu wanaoishi mijini huweza wasijue kwamba anayezuia jeneza ana haki hiyo. Mtani hubaki nje ya maandishi ya ratiba, na asiyekuwamo kwenye ratiba hana kipaza sauti. La pili ni simu. Wasifu sasa huchapwa, huwekewa picha na kusambazwa kwa ndugu walioko mbali. Utungo uliokuwa ukisomwa mara moja na kurudishwa sandukuni umepata maisha marefu, wakati mbolezi na utani, hata vinaporekodiwa, husambazwa kama vituko bila kutajwa ni nani aliyekuwa akiigizwa.

Matokeo yake si ya kifasihi tu. Orodha ya walioachwa ina uzito katika ugawaji wa mali. Baada ya maziko hufanyika kikao cha ukoo, muhtasari huandikwa, na msimamizi wa mirathi aliyependekezwa hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Wasifu si hati ya kisheria, lakini ni mara ya kwanza kwa majina ya watoto kutamkwa hadharani mbele ya ukoo mzima, na mtoto ambaye hakutajwa kaburini huanza kikao akiwa na mzigo wa kujieleza. Waswahili husema kufa kufaana, na mwenye kushika kalamu usiku ule huweza kujua au asijue kwamba anaamua nani atafaidika. Hapo ndipo mtani alipokuwa na kazi ambayo haikuwa mzaha hata kidogo. Akiigiza nafsi ya marehemu aliweza kuuliza, mbele ya watu wote, mbona mwanangu wa ng'ambo ya mto simwoni. Watu walicheka, lakini jina lilikuwa limekwisha kutajwa, na hakuna aliyeweza kumkasirikia.

Jumuiya za Kiislamu zinatoa ulinganisho mfupi wenye manufaa. Huko maziko hufanyika haraka na wasifu wa kusoma si desturi iliyoenea, lakini kabla ya kuzika huulizwa hadharani kama yupo anayemdai marehemu. Swali hilo, ambalo limeingia pia katika misiba mingi ya Wakristo, linamtambulisha aliyekufa kwa mahusiano yake na majirani: nani alimkopesha, nani alimwamini. Ni namna fupi kabisa ya kumwelezea mtu, na haihitaji cheti chochote.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa wasifu wa marehemu wa vijijini ni utungo wenye fani thabiti, iliyoundwa na ofisi, kanisa na redio, na kwamba fani hiyo huyapima maisha kwa karatasi yalizoacha. Imeonesha pia kuwa msiba wa kijijini ulikuwa na njia ya kuirekebisha kasoro hiyo: nafsi ya pili ya mbolezi iliyataja yale yaliyohesabiwa tu, na nafsi ya kwanza ya mtani iliyarudisha mazoea yaliyokosa kitenzi. Kupungua kwa sauti hizo mbili kunauachia wasifu kazi ambayo haukuumbwa kuifanya peke yake.

Tiba yake si kuugeuza wasifu kuwa ungamo. Siri za marehemu zina sababu ya kubaki siri, na anayeandika usiku wa msiba hana mamlaka ya kuzifungua. Kinachowezekana ni kidogo zaidi na kiko ndani ya uwezo wa kijana yule mwenye karatasi ya daftari: kuuliza marehemu alilima nini na wapi, alimfundisha nani kazi gani, watoto waliotangulia waliitwa nani, na kuyaandika hayo kwa vitenzi vya kutenda. Kwa watafiti wa fasihi simulizi, kinachohitajika ni kukusanya tungo zote tatu za msiba mmoja, kwa ridhaa ya wafiwa na baada ya matanga kuanuliwa, badala ya kuzikusanya mbolezi peke yake na utani peke yake kana kwamba vilitendwa mahali tofauti. Walimu wa shule za sekondari vijijini, ambao wengi wao ndio wanaoitwa kuandika wasifu, wangeweza kuanza na wanafunzi wao wenyewe, kwa kuwatuma waulize kwao kuhusu marehemu mmoja wa ukoo: aliandikwaje, alililiwaje, na mtani alimwigiza akifanya nini.

Maswali hayo yana muda. Waliowahi kuona mtani akivaa kofia ya marehemu na kuruhusiwa kumaliza mchezo wake wengi wao sasa ni wazee, na wasifu wao utaandikwa na vijana ambao hawajawahi kuuona.